Swali la mtoto kwanza, kibao baadaye

Hotuba mbele ya wazazi, walimu na walezi wa watoto, Mombasa

Mwenyekiti wa kikao, walimu wenzangu, maustadhi wetu, kina mama na kina baba mlioacha shughuli zenu za Jumamosi mkaja kukaa nasi, na nyinyi watoto mlioko pale nyuma kwenye meza zenu: assalaam aleykum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nimeombwa nizungumze juu ya kuwafundisha watoto kuandika programu za kompyuta kwa kutumia kibao hiki nilichokishika. Najua mlio nyuma hamkioni. Ni kidogo, sentimita 5 kwa 4, kinaenea kwenye kiganja cha mtoto wa gredi ya tatu. Kinaitwa micro:bit. Ninavyo vingine viwili hapa, kimoja kianzie mstari huu na kingine mstari ule, mpokezane. Kishikeni bila woga. Hakina stima ya kumrusha mtu. Kinatumia betri mbili za rimoti, volti 3 basi.

Kikikufikia, kitazame vizuri. Mbele kina taa ndogo nyekundu 25, mistari mitano, kila mstari taa tano. Kando ya taa pana vitufe viwili, A na B. Chini pana ukingo wa madini unaong'aa, wenye matundu matano makubwa, na hapo ndipo mtoto anapobana nyaya zake. Ukikigeuza nyuma utaona vitu vyeusi vya mraba. Kimoja ndicho kichakataji, yaani ubongo wa kibao, na kando yake pana vihisi: kipo kinachojua kibao kikitikiswa au kikiinamishwa, na ipo dira. Kichakataji chenyewe kinaweza kupima joto, na zile taa 25 zinaweza kupima mwanga. Toleo lililotoka mwaka 2020 limeongezwa spika na maikrofoni.

Mtoto hufanya kazi yake kwenye kompyuta. Huvuta vipande vya rangi kwenye skrini akavishikanisha, kila kipande amri yake, na hahitaji kuandika lugha yoyote ya kompyuta mpaka mwenyewe awe tayari kuingia kwenye Python au JavaScript. Akimaliza, huihamisha programu yake kwa waya wa USB, na tangu hapo kibao huikumbuka hata kikizimwa. Chomoa waya, tia betri, nenda nacho jikoni, uwanjani au juu ya dari. Hiyo ndiyo sifa yake ninayoipenda kuliko zote. Kazi ya mtoto haibaki kwenye skrini, inatoka naye mlangoni.

Kibao hiki asili yake ni Uingereza. Mwaka 2016 shirika la utangazaji la BBC pamoja na washirika wake waligawa bure takriban vibao milioni moja kwa watoto wa miaka 11 na 12. Haikuwa mara ya kwanza kwa BBC kuingia darasani. Mwaka 1981 ilitoka kompyuta ya BBC Micro, iliyoundwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge, ikaenea katika skuli za nchi ile. Ndani ya kampuni hiyohiyo Sophie Wilson na Steve Furber wakabuni kichakataji cha ARM, cha kwanza kikafanya kazi mwaka 1985. Simu mlizo nazo mifukoni, karibu zote zinatumia vichakataji vya ukoo huo, na kibao hiki nacho ni wa ukoo huo. Watu walioshughulika na mashine ya watoto wa skuli ndio waliobuni kitu ambacho leo dunia nzima inakitegemea. Mtu asiniambie kwamba kazi ya darasani ni kazi ndogo.

Ila fikra yenyewe ni ya zamani zaidi, na mmoja wa wenye fikra hiyo alizaliwa barani kwetu. Seymour Papert alizaliwa Pretoria mwaka 1928. Alifanya kazi na Jean Piaget, mtaalamu wa jinsi watoto wanavyofikiri, kule Geneva, kisha akahamia Marekani, na mwaka 1967 yeye na wenzake, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon, wakaunda lugha ya Logo kwa ajili ya watoto. Zama hizo waliofikiria kompyuta katika elimu waliifikiria kama mwalimu wa chuma: inauliza, mtoto anajibu, inasahihisha. Papert aliigeuza kazi. Alitaka mtoto ndiye aifundishe kompyuta. Na mtu akitaka kumfundisha asiyejua chochote, tena asiyekisia wala kuona aibu, hulazimika kwanza kukijua barabara kile anachokifundisha.

Sasa nije kwenye jambo langu, kwa maana nimekuja na jambo moja tu. Mtoto aanze na swali lake, swali la nyumbani kwao au la mtaani kwao. Kibao kije baada ya swali. Na mtu mzima akishamkabidhi, anyamaze.

Nasema hivi kwa sababu nimeshuhudia vinginevyo. Skuli moja ililetewa sanduku zima la vibao hivi na wafadhili. Watoto wakapewa karatasi ya maelekezo, wakafuata hatua baada ya hatua, taa zikachora moyo, moyo ukawaka na kuzimika. Makofi yakapigwa, picha zikapigwa, wageni wakaondoka. Sanduku likafungiwa kabatini, na ufunguo ukabaki kwa mtu ambaye kila akitafutwa hayupo. Wale watoto hawakukosa akili wala hamu. Walichokosa ni sababu ya kurudi kwenye lile kabati. Moyo umeshawaka, kumebaki nini tena?

Wacha niwaeleze kwa kirefu kisa cha kundi jingine, la watoto wa mtaani tunaokutana nao mwisho wa wiki. Hawa tuliwatuma nyumbani kwanza. Tukawaambia, rudini na kitu kimoja kinachowasumbua watu wa nyumba yenu. Walirudi na mengi: panya, kelele za jenereta ya jirani, ndugu anayemaliza maji ya kuoga. Binti mmoja akasema kwao kuna ubishi wa kila siku. Bibi yake anasema maji ya kisima chao yamezidi chumvi. Mamake anasema ni yaleyale ya miaka yote, ni ulimi wa bibi tu. Tukamuuliza, utajuaje nani ana haki? Akanyamaza. Akaondoka na swali hilo.

Ubishi huo si mdogo, na nyinyi watu wa mji huu mnalijua hilo kuliko mimi. Maji ya mfereji yatoka mbali, Mzima na Baricho, Marere na Tiwi, na yakija leo huenda kesho yasije. Nyumba nyingi maisha yake ni kisima, na kisima kikishindwa, ni mkokoteni na mitungi yake ya lita 20. Mtu akiambiwa kisima chake kimeingia chumvi, ameambiwa jambo la pesa.

Watoto wakachukua misumari miwili, wakaichomeka kwenye kipande cha patipati kuukuu ili nafasi kati yake isibadilike. Hilo la patipati walilibuni wenyewe. Msumari mmoja ukaungwa waya mpaka tundu la volti 3, wa pili mpaka tundu namba 0. Programu ilikuwa fupi mno: soma tundu namba 0, onyesha nambari, ngoja, rudia. Nambari hiyo huanzia 0 na kikomo chake ni 1023. Maji yakipitisha umeme zaidi, nambari hupanda, na maji ya chumvi hupitisha umeme zaidi kuliko maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Wakapanga gilasi tatu: maji ya mfereji, maji ya kisima cha kwao binti, na maji ya bahari yaliyotekwa Mama Ngina.

Gilasi zote tatu zikatoa takriban nambari moja, juu kabisa karibu na kikomo.

Mlikuwa hamjaona nyuso zilizovunjika. Mmoja akasema kibao kimekufa. Mwingine akasema betri. Wakabadilisha betri, hali ileile. Wakabadilisha nyaya, ileile. Mimi na mwalimu mwenzangu tulikuwa tumesimama hapo, jibu tunalo, na tulishikana macho tusiseme. Nawahakikishia si rahisi. Ukimpenda mtoto, mkono unakuwasha. Kisha kijana mmoja, nadhani kwa kuchoka tu, akaishika ile misumari miwili kwa vidole vyake, na nambari ikapanda vilevile. Akaganda. Akashika tena, akaachia, akashika. Akasema: "Hiki hakijafa. Hiki kinasikia mpaka mkono wangu. Kinasikia kupita kiasi."

Amepata. Ndiyo ilivyo hasa: tundu lile linaridhika na umeme kidogo mno, kiasi kwamba hata kidole cha mtoto kinatosha kulijaza, sembuse maji. Na hapo ndipo sisi tulipofungua midomo. Kunyamaza si kumtelekeza mtoto. Ipo elimu ambayo mtoto hawezi kuizua hewani, na mojawapo ni rezista, kipande kidogo kinachoubana umeme usipite wote. Tukamwonyesha rezista ya kilo-omu 1, tukawaambia iwekeni kati ya tundu namba 0 na tundu la GND, lile la kurudishia umeme, ili umeme upate njia ya pili ya kuondokea, na sasa yatakayoshindana ni maji na rezista. Kosa liko wapi, hilo walitafute wao. Jina la dawa, hilo waambie.

Gilasi zikatengana. Mfereji chini, bahari juu, kisima katikati. Kelele zilizopigwa siku ile sijui niwasimulie vipi.

Lakini "katikati" si jibu la kumpelekea bibi. Wakajitengenezea kipimo. Gilasi moja ya maji ya bahari kwa gilasi tisa za mfereji, hiyo ni sehemu moja ya kumi ya bahari. Ya pili wakazimua nusu yake, ya tatu nusu tena. Tukawapa hesabu moja tu ya kuanzia, kwamba lita ya maji ya bahari ina chumvi ya kama gramu 35, na wao wakapiga hesabu zilizobaki wenyewe. Watoto waliokuwa wakikimbia somo la sehemu darasani walikaa chini wakagawanya 35 bila kusukumwa. Kisha wakatazama kisima kinaangukia kati ya gilasi gani na gani.

Na bado haikuwa mwisho. Baada ya muda nambari za kisima zikaanza kuyumba, na msumari mmoja ukafanya kutu ya ajabu, umeliwa kama umekaa pwani mwaka mzima. Binti ndiye aliyegundua kwamba mwingine haukuliwa hivyo. Umeme ukipita majini bila kukoma hula chuma. Dawa yake ilikuwa kwenye programu. Badala ya kuunga msumari kwenye tundu la volti 3, wakauunga kwenye tundu namba 1, wakaamrisha: washa namba 1, soma, zima, ngoja. Umeme unapita kwa kufumba na kufumbua, msumari unadumu. Watoto wa miaka 10 na 11, wazazi wangu.

Yule binti aliendelea kupima na kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukuta wa jikoni. Kaskazi ilipokuwa kali nambari zilipanda, mvua za masika ziliposhika zikashuka. Chini ya ardhi ya pwani maji baridi huelea juu ya maji ya chumvi. Mvua huyaongeza yale ya juu. Kukauka na kuteka kwa wingi huyapandisha ya chini. Ubishi wa bibi na mama haujaisha, nimeambiwa, ila sasa wanabishana wakielekeza kidole kwenye ile karatasi.

Niongeze onyo, tena naomba msilisahau. Kipimo hiki kinasema habari ya chumvi, hakijui lolote kuhusu vijidudu. Maji yakionyesha nambari ndogo usidhani yamekuwa salama. Chemsheni, tieni dawa, kama mlivyozoea. Watoto wale tuliwafanya waliandike hilo juu ya karatasi kabla ya nambari ya kwanza.

Pengine mwalimu hapa anajiambia, hayo ni mazuri, lakini mimi sina kibao hata kimoja, na kompyuta ya skuli ni ya ofisi. Basi anza bila umeme. Sisi huanza na sambusa. Kata gazeti kwa upana wa manda, mpe kila mtoto ukanda wake. Watoto wawili wakae wakipeana migongo. Mmoja anatoa amri, mwenzake anakunja, na haruhusiwi kuuliza wala kukisia. Anayeamrisha husema, "Kunja kona." Kona ipi? Ana nne. Mwenzake anakunja ya kulia, yeye alikusudia kushoto, na hatua tatu mbele ukanda umekuwa kitu kisichojulikana. Wanarudia. Safari hii ni: "Uweke wima mbele yako. Shika kona ya chini, upande wa kushoto. Ipeleke mpaka ukingo wa kulia, ipatikane pembetatu." Halafu unakuja wakati mtamu, mtoto anapoona kwamba amri zake zinajirudia, akasema: "Kunja pembetatu kwenda juu, rudia hivyo mpaka ubaki ulimi mdogo, kisha ingiza ulimi ndani." Hapo keshajua mpangilio wa amri, keshajua marudio, na keshajua sharti la kusimamisha marudio. Siku atakapokiona kipande cha rudia kwenye skrini hatahitaji kuelezwa, atakuwa anakutana na kitu anachokijua.

Zoezi jingine ninalolipenda ni saa, na hili lahitaji kibao. Kompyuta hutaja saa kwa mtindo wa Kizungu. Asubuhi itakuambia 7, na kila aliyemo humu anajua kuwa ni saa moja. Mwambie mtoto akifundishe kibao kutaja saa kama bibi yake anavyoitaja. Kitufe A kinasogeza saa ya Kizungu, kitufe B kinaonyesha saa ya Kiswahili. Karibu wote huja haraka na jibu la kuongeza 6. Wanajaribu 3, wanapata 9, safi. Wanajaribu 5, wanapata 11, safi. Wanakwenda kifua mbele. Kisha mmoja anajaribu 7, na kibao kinasema 13. Saa kumi na tatu! Wanacheka mpaka wanashika matumbo. Sasa wewe mwalimu, usiende. Watakaa, watakuna vichwa, na mmoja atasema, ikizidi 12, ondoa 12. Wanaiweka, wanajaribu saa zote kuanzia 1 mpaka 12, moja baada ya nyingine, na hiyo tabia ya kujaribu zote ndiyo hasa ninayoitaka. Aliyejaribu 3 na 5 akaridhika angetupa saa mbovu, naye angeapa ni nzima.

Kuhusu wasichana. Mkiweka watoto wawili kwenye kompyuta moja mkaondoka, mara nyingi mtarudi mkute kipanya kipo kwa mvulana na msichana anatazama. Hatukubali hivyo. Tunafanya dereva na makanga. Dereva anashika kipanya na haruhusiwi kuamua njia. Makanga ndiye anayeitaja njia, na haruhusiwi kugusa. Kila baada ya dakika 10 wanabadilishana, na ili kusiwe na ubishi wa muda, kibao chenyewe ndicho kinachohesabu dakika na kupiga kengele. Kupanga programu ya kengele hiyo ni kazi ya somo la mwanzo. Tangu tushike utaratibu huu sijasikia tena msichana akisema "mimi nilikuwa naangalia tu".

Vifaa nitavipitia upesi. Si lazima kila mtoto na kibao chake. Wawili kwa kimoja ni bora kuliko mmoja kwa kimoja, kwa sababu wakiwa wawili hulazimika kusema wanachofikiri. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya laptopu. Asiye na kompyuta anaweza kutumia simu ya mzazi. Ipo programu ya simu inayohamisha kazi kwa Bluetooth. Asiye na kibao anaweza kujaribu kwenye kibao cha kuigiza kinachotokea kando ya skrini pale anapopanga amri. Intaneti ikiwa ya kubahatisha, ipo programu ya kompyuta ambayo ukishaiweka mara moja haihitaji mtandao tena. Stima ikipotea, betri zinaendelea. Msiunge nyaya za kibao kwenye stima ya ukutani, abadan. Na tumieni hizo betri za rimoti, msitumie zile bapa za mviringo kama kitufe, hasa nyumba yenye mtoto mchanga. Akiimeza moja inaweza kumchoma koo ndani ya saa chache. Hewa yetu ya chumvi nayo ni adui wa vyuma, basi wekeni kila kitu ndani ya dishi la plastiki lenye kifuniko.

Najua hofu mlizo nazo, kwa maana nimeulizwa nyingi pale mlangoni kabla sijapanda hapa. Baba mmoja ameniambia, mwalimu, mtoto wangu tayari haachii simu, nawe wamwongezea kompyuta. Hofu yake ina msingi. Lakini kitazame kibao kilichofika mkononi mwako. Hakina video, hakina picha za watu, hakina mtu asiyemjua wa kumwandikia ujumbe. Hakifanyi chochote mpaka mtoto akiamrishe. Simu humpa mtoto alichokiandaa mtu mwingine. Hiki hukaa kimya mpaka mtoto aseme. Akichoka nacho, atakiweka chini, hakuna kinachomwita arudi.

Wengine wameuliza kuhusu mitihani na kazi. Sitawaahidi kwamba kila mtoto atakuwa mhandisi wa programu, ahadi hiyo ni ya uongo. Ninachokiona ni nchi inakoelekea. Mwaka 2022 serikali kupitia taasisi yake ya ukuzaji mitaala iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa skuli za msingi na za upili. Mwaka 2023 wanafunzi wa kwanza wa gredi ya saba wakaingia sekondari ya chini. Mambo yamefika mlangoni, na mtoto atakayekutana nayo mara ya kwanza siku ya mtihani ataonewa. Na sisi wa Mombasa tuna haki yetu ya pekee. Mwaka 2009 nyaya za intaneti za SEACOM na TEAMS zilitoka baharini zikatua pwani hii hii, na TEAMS imetandazwa chini ya maji kutoka Fujairah, kule Falme za Kiarabu, mpaka hapa. Intaneti ya bara imepitia kwetu. Mtoto wa Likoni au wa Kisauni asiwe wa mwisho kuielewa.

Maustadhi, nina ombi kwenu mahsusi. Ratiba ya watoto wetu mnaijua: asubuhi skuli, alasiri chuo cha Kurani, jioni kazi za nyumbani. Hatutaki kuwanyang'anya saa ya chuo. Tunachoomba ni chumba, siku ambazo chuo hakisomeshi, chenye meza mbili na soketi moja ya stima. Vibao tutaleta, walimu wa kujitolea tunao. Mkiwa na nafasi hiyo, njooni tuzungumze leo kabla hatujaachana.

Sasa twende kule nyuma. Meza ya kwanza kuna kipimo cha maji, na gilasi zimeshapangwa. Meza ya pili kuna saa ya Kiswahili, na kuna mtoto pale ambaye yake bado inasema 13, tumemwacha makusudi. Meza ya tatu kuna magazeti yaliyokatwa manda, na wazazi ndio mtakaokunja leo, watoto wataamrisha. Naomba mzazi asishike kipanya, na asimpe mtoto jibu hata akiwa analijua. Muulizeni, "Umejuaje?" na mkae mngojee. Kama atachukua muda, acheni achukue. Tutakaa mezani mpaka adhana ya adhuhuri, na baada ya sala tutarudi hapa kwa maswali yenu.